Embe Likianguka, Nguvu Yake Huenda Wapi?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu huliona karibu kila siku, lakini ni wachache wanaokaa chini na kulifikiria: kitu kinachoanguka. Embe kutoka mtini. Mchi ndani ya kinu. Kikombe kutoka mezani. Na, Mungu apishe mbali, mtoto kutoka kwenye tawi la mwembe.

Huenda utasema, "Hayo ni mambo ya fizikia, tuwaachie walimu." Hapana, mama. Zipo sababu mbili za kutoyaacha. Kwanza, kijana wako wa sekondari anafundishwa jambo hili darasani kwa Kiingereza, anakariri kanuni, halafu anarudi nyumbani akiwa hajaelewa lina uhusiano gani na maisha yake. Binti naye mara nyingi huambiwa kwamba hilo ni somo la wavulana. Pili, mama anayeelewa vitu huangukaje anaweza kumwepusha mtoto wake na kilema au kifo. Kwa hiyo somo hili ni letu.

Mifano yetu tuichukue Lusu, wilayani Nzega, mkoa wa Tabora. Wengi walilisikia jina la Lusu kwa sababu ya mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, uliofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990 na ambao sasa umefungwa. Lakini mama wa Lusu ana mambo mengine pia: kinu chake uani, mwembe wake, na watoto wasiokaa chini maembe yanapoiva.

MIEMBE YA NJIA YA MISAFARA

Mkoa wa Tabora una miembe mikongwe. Katika karne ya 19 njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikaenda hadi Ujiji kwenye ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu na bidhaa nyingine mabegani na vichwani, na watu waliotekwa utumwani walipitishwa njia hiyo hiyo kwa uchungu mwingi. Kando ya njia hiyo ilipandwa miembe, na mahali pengine bado ipo, ikiwapa watu kivuli na matunda.

Sasa tazama embe moja lenye uzito wa gramu 300, limening'inia kwenye tawi lililo juu mita 8. Limetulia tu, kama halina kazi. Lakini kwa kuwa liko juu, limeweka akiba ya nishati. Kadiri linavyokuwa juu zaidi na zito zaidi, ndivyo akiba inavyokuwa kubwa. Nishati hupimwa kwa jouli, na embe letu lina kama jouli 24.

Kikonyo kinapokatika, embe linaanza kushuka, na akiba ile inaanza kugeuka kuwa mwendo. Likifika nusu ya njia, yaani mita 4, akiba imebaki jouli 12, na jouli 12 nyingine zimekuwa mwendo. Linapokaribia kugusa ardhi, akiba ya kimo imekwisha, na karibu jouli zote 24 ni mwendo. Wakati huo embe linakwenda kasi ya karibu kilomita 45 kwa saa. Hiyo ni kasi ya pikipiki! Hakuna nishati mpya iliyotengenezwa, wala iliyopotea. Imebadilika sura tu, kama mama aliyekuwa na gunia la mahindi akaliuza, akapata fedha, akanunua sare za shule. Mali ni ile ile.

Na embe likishatua? Hapo nishati inatumika kulipasua embe, kubonyeza udongo, kutoa ule mlio wa "puu!" unaowaamsha watoto, na iliyobaki inakuwa joto. Joto hilo ni dogo mno hata huwezi kulihisi kwa mkono, lakini lipo. Katika miaka ya 1840 Mwingereza aliyeitwa James Joule alilipima joto la namna hiyo. Alifunga vizito kwa kamba, akaviacha vishuke na kuzungusha makasia ndani ya maji, kisha akapima jinsi maji yalivyopata joto. Ndiyo maana kipimo cha nishati kikapewa jina lake.

DAFTARI MBILI

Mtoto wa sekondari huchanganyikiwa hapa: mwalimu anamwambia kuna nishati, halafu anamwambia kuna kitu kingine kinaitwa momenta. Je, si kitu kimoja? La. Mweleze hivi: kila kitu kinachotembea kina daftari mbili za hesabu.

Daftari la kwanza ni la nishati. Linaonyesha kitu hicho kinaweza kufanya kazi kiasi gani, kama kuponda, kupasua au kupasha joto.

Daftari la pili ni la momenta. Hilo ni uzito wa kitu mara kasi yake, pamoja na upande kinakoelekea. Linaonyesha itakuwa vigumu kiasi gani kukisimamisha.

Daftari hizi mbili haziongezeki kwa namna moja. Chukua tawi la mita 2 na tawi la mita 8. Embe kutoka tawi la mita 2 linafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 23 kwa saa. La mita 8 linafika kwa kilomita 45. Kimo kimekuwa mara nne, lakini kasi imekuwa mara mbili tu. Kwa hiyo momenta imeongezeka mara mbili, na nishati imeongezeka mara nne. Kumbe kasi ikiongezeka mara mbili, uwezo wa kuumiza unakwenda mara nne! Hilo mama alikumbuke pia anapopanda bodaboda.

Mtoto mwerevu atauliza: "Mama, embe lilikuwa limetulia, halikuwa na momenta. Sasa linayo. Imetoka wapi, kama haiwezi kuzuka?" Ni swali zuri sana. Jibu ni kwamba dunia inapolivuta embe chini, embe nalo linaivuta dunia juu. Kiasi embe linachopata kuelekea chini, dunia inapata kiasi hicho hicho kuelekea juu. Ukijumlisha vyote viwili, jumla haikubadilika. Ila dunia ni nzito mno, hivyo haisogei kiasi ambacho chombo chochote kinaweza kukiona. Embe likitua, vinarudishiana, na hesabu inafungwa.

MAMA ALIYEITETEA HESABU HII

Binti akikuambia fizikia ni ya wanaume, msimulie habari za Émilie du Châtelet. Mama huyu alizaliwa Ufaransa mwaka 1706. Aliolewa, akazaa watoto, na huku akisoma hesabu kwa bidii katika nyakati ambazo vyuo havikuwapokea wanawake.

Siku zile wataalamu wa Ulaya walikuwa wakigombana. Wengine walisema nguvu ya kitu kinachotembea ni uzito mara kasi. Wengine wakasema hapana, ni uzito mara kasi mara kasi tena. Huko Leiden, Uholanzi, mtaalamu Willem 's Gravesande alidondosha mipira ya shaba nyeupe kwenye udongo laini. Akaona kwamba mpira uliofika kwa kasi mara mbili ulisukuma udongo si mara mbili bali mara nne. Émilie aliutambua uzito wa jaribio hilo. Katika kitabu chake cha mwaka 1740 alieleza na kutetea hesabu ya mara nne, na mwaka uliofuata alijibizana hadharani na katibu wa chuo cha sayansi cha Paris bila kurudi nyuma.

Leo tunajua kwamba pande zote mbili zilikuwa zimeshika daftari la kweli. Wa kwanza walishika la momenta, na Émilie na wenzake walishika la nishati.

Mwaka 1749, akiwa na umri wa miaka 42, alikuwa mjamzito. Alifanya kazi usiku na mchana amalize kutafsiri kwa Kifaransa kitabu kikuu cha Isaac Newton, kwa maana alihofu kwamba hatapona uzazi. Alimaliza. Akajifungua, na siku chache baadaye akafariki. Tafsiri yake nzima ilichapishwa mwaka 1759, na Wafaransa wanaitumia mpaka leo. Akina mama, sisi tunaojua hatari ya uzazi tunaweza kuelewa ilimgharimu nini.

KINU NA MCHI

Turudi Lusu, uani kwa mama. Mama anatwanga mtama. Ukimwangalia, utaona kazi kubwa ni kuinua. Anapoinua mchi wa kilo 3, nishati ya mikono yake inawekwa akiba kwenye mchi. Anaposhusha, akiba ile inageuka mwendo, na mikono inaongeza kidogo. Mchi unapogonga, mwendo unageuka kuwa kazi ya kukoboa. Ugali ulioliwa jana ndio umepanda na mchi leo!

Lakini kwa nini mama zetu walichonga kinu kizito, kwa gogo la mti mgumu? Hapa ndipo daftari zote mbili zinahitajika. Mchi unapogonga, momenta yake haiwezi kupotea. Lazima kinu kiipokee. Kinu kikiwa kizito, kinaipokea bila kutikisika sana, na nishati nyingi inabaki kwenye nafaka. Kikiwa chepesi, kinarukaruka, na nishati inaishia kukichezesha.

Hesabu inaonyesha hivi: kwa mchi wa kilo 3 na kinu cha kilo 12, sehemu 80 katika kila 100 za nishati zinakwenda kwenye nafaka. Kwa kinu cha kilo 3 tu, ni sehemu 50. Nusu ya jasho lako imepotea bure! Ndiyo sababu pia tunaweka kinu kwenye ardhi iliyoshindiliwa, wala si kwenye mchanga. Bibi zetu hawakuwa na vitabu vya fizikia, lakini mikono yao iliijua hesabu hii vizuri.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu nao hutumia njia hiyo hiyo. Ndani ya karasha, lile pipa la chuma linalozunguka, mna mipira ya chuma inayopandishwa na kuangukia mawe mpaka yawe unga. Ni kinu na mchi vilivyofungwa kwenye mashine.

KINACHOUMIZA NI KUSIMAMA GHAFLA

Sasa tufike kwenye jambo zito zaidi. Maembe yakiiva, watoto hupanda. Mtoto wa kilo 20 akiteleza kutoka mita 4 anafika chini kwa kasi ya karibu kilomita 32 kwa saa, akiwa na jouli 800. Daftari zote mbili lazima zifungwe hapo chini. Hakuna msamaha. Swali ni moja tu: zitafungwa kwa ghafla au polepole?

Kuna hesabu rahisi ambayo mama yeyote anaweza kuifanya. Chukua kimo alichoanguka, ugawanye kwa umbali anaotumia kusimama. Utapata takribani mara ngapi uzito wake nguvu inayompiga. Ardhi ngumu ikimsimamisha ndani ya sentimita 2, mita 4 zinagawanywa kwa sentimita 2: ni mara 200 ya uzito wake. Kukiwa na mchanga uliotifuliwa au majani makavu mengi yanayobonyea sentimita 20, ni mara 20 tu. Mtoto ni yule yule, tawi ni lile lile, nishati ni ile ile. Kilichobadilika ni jinsi alivyosimama.

Mtoto mchanga naye akiviringika kutoka kitandani, kimo cha sentimita 60, akagonga kichwa kwenye saruji inayomsimamisha ndani ya nusu sentimita, ni mara 120. Akiangukia godoro linalobonyea sentimita 6, ni mara 10. Usidharau kitanda kwa sababu ni kifupi.

Kofia ya pikipiki inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo. Sponji ngumu iliyo ndani inabonyea na kukipa kichwa nafasi ya kusimama. Kumbuka ile kasi ya kilomita 45 kwa saa: kugonga ukuta kwa kasi hiyo ni sawa na kuanguka kutoka tawi la mita 8. Kofia iliyowahi kupigwa kwa nguvu imeshabonyea, haitakulinda mara ya pili. Ibadilishwe.

Kwa mama ambaye mume au kijana wake anashuka kwenye mashimo ya dhahabu, hesabu ni hii: jiwe la kilo 1 likianguka mita 20 linafika chini kwa kilomita 72 kwa saa. Nishati yake ni sawa na ndoo ya maji ya lita 20 iliyoangushwa kutoka mita 1, tena yote ikapiga mahali padogo. Kabla hajashuka, mawe yote yaliyolegea mdomoni mwa shimo yaondolewe, vifaa visiwekwe ukingoni, na kofia ngumu ivaliwe.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Punguza kimo. Watengenezee watoto upondo mrefu wenye kulabu au kifuko cha kuchumia maembe wakiwa chini. Katazo tupu halimzuii mtoto mwenye njaa ya embe, bali upondo utamsaidia.

2. Lainisha chini ya mwembe. Tifua udongo, rundika majani, ondoa mawe, visiki na matofali. Usianike vyombo hapo wala kumlaza mtoto mchanga chini ya matawi yenye maembe.

3. Mlaze mtoto mchanga mahali pa chini, au weka mto na blanketi nene kando ya kitanda.

4. Funika mashimo na visima. Shimo lililoachwa na wachimbaji lizungushiwe miiba, na viongozi wa kijiji waarifiwe.

5. Fanyeni majaribio pamoja na watoto. Weka udongo laini wa mfinyanzi kwenye beseni. Dondosha jiwe la mviringo kutoka sentimita 20, kisha kando yake kutoka sentimita 80. Jaza mashimo yote mawili maji kwa kijiko, mkihesabu. La pili litakaribia kuchukua mara nne. Halafu watoto wawili washike khanga wima, ncha ya chini ikunjwe juu kama mfuko. Wa tatu arushe yai kwa nguvu katikati ya khanga. Halitapasuka, kwa kuwa khanga inarudi nyuma na yai linasimama polepole. Yai hilo hilo likirushwa ukutani, hamtalila jioni!

MTOTO AKISHAANGUKA

Usimwinue haraka kwa mkono mmoja. Akiwa na maumivu ya shingo au mgongo, au hawezi kusogeza miguu, asisogezwe mpaka apatikane msaada wa kumbeba akiwa amenyooka juu ya ubao. Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona lolote kati ya haya: alipoteza fahamu hata kwa muda mfupi, anatapika mara kwa mara, analala isivyo kawaida na haamki vizuri, anapata degedege, damu au maji yanamtoka puani au masikioni, mboni za macho hazilingani, au tumbo linamuuma na kukaza. Hata kama anaonekana mzima, mwangalie kwa karibu siku nzima na usiku wake. Usimchape kwanza. Mtoto anayeogopa fimbo huficha maumivu, na maumivu ya ndani yakifichwa huua.

Tumeona basi, akina mama, kwamba kitu kikiwa juu kina deni, na deni hilo hulipwa chini. Hatuwezi kulifuta. Lakini tunaweza kulipunguza kwa kupunguza kimo, na tunaweza kulipa polepole kwa kulainisha mahali pa kutua. Mfundishe binti yako hesabu hii mkiwa kwenye kinu, akishika mchi nawe ukishika mchi, mkipokezana. Akifika darasani atakuta mwalimu anaeleza jambo analolijua tayari.